Biggya Vilivyomezwa na Vichaka: Makaburi ya Ukoo Katika Vijiji vya Buganda

Katika vipindi vyetu vya tafsiri liko neno moja la Kiganda ambalo huwasumbua wanafunzi kila mwaka, nalo ni ekiggya. Mwanafunzi hufungua kamusi, hukuta "makaburi", huandika "makaburi" na kuendelea na sentensi inayofuata. Akiisoma kazi yake mbele ya wenzake, darasa humkatalia. Makaburi yanaweza kuwa ya manispaa, ambako watu wasiojuana hulazwa safu kwa safu. Ekiggya ni mahali pa watu wa damu moja, katika ardhi yao wenyewe, aghalabu nyuma ya nyumba au katikati ya migomba, na kila anayezikwa hapo huwaachia walio hai sababu ya kusema kwamba hapa ni kwetu. "Makaburi ya ukoo" ni tafsiri iliyo karibu zaidi, ingawa nayo haifiki. Kwa hiyo katika makala haya tutalitumia neno lenyewe, kiggya kwa umoja na biggya kwa wingi, na tutalipa upatanisho wa ngeli ya KI-VI kana kwamba ni letu.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu biggya vingi vya vijijini sasa havionekani. Havikuhamishwa wala havikufukuliwa, vimemezwa tu na vichaka, mashamba ya mihindi, misitu ya mikalitusi na viwanja vya nyumba mpya. Wanaojua vilipo ni wazee wachache, na wazee hao hawatatusubiri.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo idara yetu inapoweza kutoa mchango ambao wapima ardhi na mawakili hawawezi kuutoa. Ukoo wa Kiganda, yaani ekika, umegawanywa katika matawi yenye majina ya vitu vya nyumbani. Juu kabisa yuko owakasolya, mkuu wa ukoo, aitwaye kwa jina la kasolya, kilele cha paa. Chini yake kuna essiga, halafu omutuba, halafu olunyiriri, halafu oluggya. Essiga ni lile jiwe la kutegea chungu motoni, na Mswahili yeyote atalitambua akikumbuka kwamba penye f ya Kiswahili mbele ya i, Kiganda mara nyingi kina s: figo na ensigo, figa na essiga. Ni mafiga yale yale. Omutuba ni mti unaotoa nguo ya gome, olunyiriri ni mstari, na oluggya ni ua wa mbele ya nyumba. Ukoo basi ni mji mzima, wenye paa, meko, mti na ua. Kila tawi la ukoo huu lina mahali pake pa kuzikia, na kiggya cha essiga hakiwi sawa kwa hadhi na kiggya cha oluggya.

Kijana wa Kiganda aliyelelewa vizuri hufundishwa okulanya, yaani kujitambulisha kwa kutaja baba, babu, tawi baada ya tawi, hadi kumfikia mkuu wa ukoo na makao yake. Mtu wa ukoo wa Ngeye ataishia kwa Kasujja wa Busujja, na mtu wa Ffumbe ataishia kwa Walusimbi wa Bakka. Wengi huichukulia desturi hii kuwa ni mbwembwe za harusini, pale msemaji wa upande wa bwana harusi anapotakiwa aonyeshe kwamba hakuokotwa njiani. Sisi tunaiona kuwa ramani. Anayelanya kikamilifu hutaja watu ambao kila mmoja wao amelala mahali fulani, na mahali hapo pana jina la kijiji. Mwanafunzi anayetaka kutafuta biggya vya kwao na aanze na okulanya ya babu yake, aiandike neno kwa neno, ndipo ashike njia.

Wafalme wana historia yao mashuhuri, nasi tutaipitia kwa haraka. Zamani mwili wa Kabaka ulizikwa mahali pamoja na mfupa wa taya lake ukahifadhiwa kwingine, katika amasiro. Jina la kaunti ya Busiro linatokana na wingi wa amasiro yaliyoko huko. Muteesa I, aliyefariki mwaka 1884, ndiye wa kwanza kuzikwa mzima, pale Kasubi, na warithi wake watatu walifuatia hapo hapo. Mwanga alirudishwa kutoka Ushelisheli mwaka 1910, Daudi Chwa alizikwa 1939, na Muteesa II alirudishwa kutoka London mwaka 1971. Kasubi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba yake kuu ikateketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na dunia nzima ikasikia. Kiggya cha mkulima wa Bulemeezi kikipotea, hakuna gazeti linaloandika.

Hata hivyo ni hivi biggya vya wakulima na wakuu wa koo vilivyoleta mgogoro mkubwa kuliko wowote katika siasa za ardhi za Buganda. Kabla ya ukoloni, ardhi ambayo ukoo ulikuwa umezika watu wake kwa vizazi kadhaa iliitwa obutaka, na msimamizi wake mutaka. (Neno hilo linatokana na ettaka, ardhi au udongo. Kiswahili nacho kina taka, lakini kwetu limeshuka hadi kuwa uchafu tu.) Kabaka aliweza kumpa chifu eneo la kutawala na kumnyang'anya kesho yake, lakini penye biggya vya ukoo alikuwa akitembea kwa tahadhari. Kaburi lilikuwa hati.

Mkataba wa Buganda, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900, ulikuja na hati ya namna nyingine. Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3, kwa hiyo walioweka saini kwa niaba yake ni wasimamizi wake, wakiongozwa na Apolo Kaggwa, na kwa upande wa Waingereza aliweka saini Harry Johnston. Mkataba ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi 1,000. Ndipo Kiganda kilipopata neno mailo, kwa maana ya ardhi iliyopimwa kwa maili na kumilikiwa na mtu mmoja. Katika kugawana, machifu wengi walijichukulia maeneo yaliyokuwa obutaka wa koo nyingine. Mtu wa ukoo mmoja aliamka akakuta babu zake wamelala katika mailo ya mtu wa ukoo mwingine, na huyo mwenye mailo sasa anaweza kuuza.

Kufikia miaka ya 1920 malalamiko yalikuwa yamepata chama chao, Bataka, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa James Miti. Hoja yao haikuwa ya ekari nyingi. Waliomba warudishiwe mahali pa makaburi yao. Lukiiko, baraza lililojaa wenye mailo, liliwapinga, tume ikaundwa kuchunguza, na mwishowe serikali ya kikoloni ikakataa kuigawa ardhi upya. Kilichopatikana ni sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928, ambayo iliweka kikomo cha malipo ya mpangaji na kumkinga asifukuzwe ovyo katika kibanja chake. Walimu wa Kiswahili watambue kwamba kibanja na kiwanja ni neno moja. Tangu hapo mkulima aliye kwenye mailo ya mtu mwingine amekuwa na kibanja, na ndani ya kibanja ana kiggya, na hadi leo akiulizwa mahakamani amekaa hapo tangu lini, jambo la kwanza analoonyesha ni makaburi.

Sasa, ikiwa makaburi yana uzito huo, kwa nini yaachwe? Sababu ni nyingi na si zote za uzembe. Ugonjwa wa malale, ulioua zaidi ya watu 200,000 katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, ulifuatwa na amri ya kuwahamisha watu wote kutoka ufukweni kuanzia mwaka 1906, na kufikia 1909 visiwa vya Ssese navyo vilikuwa vikihamwa. Waliorudi miaka mingi baadaye walikuta msitu. Vita vya 1981 hadi 1986 viliitoa Luweero yote mafichoni na makambini, na familia nyingi zilizika watu wao njiani. Ukimwi, ambao hapa Uganda ulitambuliwa mwanzoni katika wilaya ya Rakai mwaka 1982, ulizijaza biggya kwa kasi na wakati huo huo ukawaondoa wale ambao wangezifyeka. Zaidi ya hayo upo mji. Mrithi aliyevishwa nguo ya gome siku ya kumaliza msiba, aliyekabidhiwa rasmi nyumba na makaburi, anaishi Kampala au Boston, na hurudi Krismasi kwa saa tano.

Pwani, kaburi la mtu mkubwa lilijengwa kwa mawe na chokaa, na jiwe husema lenyewe. Kule Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijra 802, yaani 1399, nalo bado lasomeka. Kule Kaole, Bagamoyo, nguzo za makaburi zimesimama. Kiggya cha zamani cha Buganda hakina jiwe. Kina tuta la udongo, ambalo mvua hulisawazisha katika miaka 20 au 30, na kina mimea. Anayetafuta kiggya hana budi kujifunza kusoma mimea.

Mmea wa kwanza ni omulamula, aina ya dracaena, wenye majani marefu ya kijani, mgumu kufa hata ukikatwa na kutupwa. Jina lake linakaa karibu sana na kitenzi okulamula, ambacho ni ndugu wa kuamua: ndio mmea unaopandwa mpakani ili uamue kati ya majirani. Wachagga wana mmea wa jamii hiyo hiyo, waitao isale au sale, na kwao pia hukaa mpakani, makaburini na mkononi mwa mtu anayeomba radhi. Ukiona mimea hii katika mstari ulionyooka, hapo ni mpaka. Ukiiona miwili mitatu imekusanyika mahali pasipo na mpaka wa mtu, simama uulize.

Mmea wa pili ni ule ambao Kiganda huuita ekiroowa na Kiswahili mbono kaburi. Jina la Kiswahili limekwisha kutueleza kila kitu. Wale wenye umri watakumbuka jinsi mmea huu ulivyovumishwa katika miaka ya 2000 kwamba mbegu zake zitatoa dizeli na kututajirisha sote. Utajiri haukuja, lakini mti umebaki pale ulipopandwa na mabibi zetu. Wa tatu ni omutuba wenyewe, mti wa nguo ya gome. Nguo hiyo ndiyo iliyomfunika marehemu, na UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005. Mutuba mkubwa uliosimama peke yake katikati ya shamba la mihindi, usiokatwa na mtu ingawa kivuli chake kinaharibu mazao, una sababu ya kutokatwa.

Baada ya mimea, angalia ardhi yenyewe. Kaburi la zamani ambalo tuta lake limeondoka mara nyingi hudidimia, likabaki bonde dogo lenye urefu wa mtu, na majani ya hapo huwa na rangi tofauti kidogo. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, maana kivuli huonyesha mabonde ambayo jua la utosini huyaficha. Usichimbe, wala usichome ardhi kwa fimbo ya chuma ili kupima ulaini, kama tulivyoona vijana fulani wakifanya. Lengo ni kujua lilipo, si kujua kilichomo.

Tutoe mfano mmoja. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, ambaye kwao ni Bulemeezi, alitujia na shida. Wajukuu wa mwenye mailo walikuwa wameamua kuuza, mpima ardhi alikuwa aje baada ya wiki tatu, na mnunuzi alikuwa tayari kuacha nje sehemu ya makaburi iwapo familia ingemwonyesha ilipo. Familia ilihama mwaka 1983, ikarudi baada ya vita, ikajenga upande mwingine wa kilima. Kiggya cha zamani kilikuwa kimeachwa. Karatasi ya marehemu babu ilitaja makaburi 7 "chini ya mutuba". Mutuba haukuwapo tena.

Tulikwenda walimu wawili na wanafunzi sita. Aliyetuongoza ni ssenga wa kijana huyo, shangazi yake, bibi wa zaidi ya miaka 80 aliyeletwa kwa bodaboda na kukalishwa juu ya kichuguu. Hatukumuuliza makaburi yako wapi, kwa kuwa wengine walikwisha kumuuliza hivyo naye akawa anaonyesha kwa mkono kilima kizima. Tulimwomba atusimulie mazishi ya baba yake.

"Tuanzie wapi, Ssenga?" kijana aliuliza.

"Tuanzie nyumbani, mwanangu. Mlango ulitazama kule, penye lile pengo. Walimtoa mlangoni, wakapita kushoto kwa meko ya mama. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto, nikakaa kwenye kivuli cha mutuba, na walipomshusha nilikuwa naona mgongo wa kaka yangu."

Kutoka pengo hadi meko, ambayo majivu yake bado yalikuwa chini ya nyasi, kutoka meko hadi kisiki cha mutuba kilichooza kikabaki duara la udongo mweusi. Kutoka hapo wanafunzi walifyeka kwa mkono, taratibu, na kabla ya saa sita walikuwa wamepata omulamula mmoja mwembamba, kisha mabonde. Hayakuwa 7 bali 11. Ssenga aliyataja moja baada ya moja, watu wazima katikati, watoto ukingoni, na kila jina lilikuja na kisa chake. Wawili wa watoto hao walikuwa wake mwenyewe, wala mpwa wake hakuwa amejua kwamba waliwahi kuwapo.

Kaburi la 11 lilikuwa pembeni kidogo. Ssenga alisema ni la mupakasi wa baba yake, mtu aliyekuja kutoka Rwanda kulima kahawa katika miaka ya 1940, akakaa, akafa bila kurudi. (Walimu watamtambua mupakasi: ni ndugu wa mpagazi wetu, aliyepanda bara pamoja na misafara.) Hapo palizuka ubishi. Mjomba mmoja alisema kiggya ni cha ukoo, na huyu hakuwa wa ukoo, kwa hiyo asiandikwe. Isitoshe, ukimwandika unakifanya kipande kiwe kikubwa zaidi na mnunuzi atanung'unika. Ssenga alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Yeye ndiye aliyechimba kaburi la baba. Mkimwacha nje, na mimi msinilaze hapa." Aliandikwa. Jina lake la nyumbani halikukumbukwa, ila lile aliloitwa kijijini, nalo ndilo lililo kwenye ramani.

Mpima ardhi alipokuja alikuta vigingi 4 na karatasi yenye majina 11. Sehemu hiyo iliachwa nje ya mauzo kwa maandishi. Pia tulisisitiza jambo ambalo familia nyingi hulisahau, yaani njia. Kiggya kilichozungukwa na ardhi ya watu wengine pande zote, kisicho na njia ya kukifikia, kitakuwa kichaka tena baada ya miaka michache, hata kikiwa na hati. Njia ya upana wa mtu mmoja na jeneza iliandikwa katika makubaliano yale yale.

Kutoka kutafuta tuje kwenye kutunza. Hapa maoni yetu hayatapendwa na mafundi. Familia ikipata fedha, jambo la kwanza ni saruji, na siku hizi vigae na paa la mabati. Hatuna ugomvi na kaburi jipya la saruji. Lakini tumeona biggya vya zamani vikimwagiwa zege moja kubwa juu ya makaburi mengi, kwa nia njema kabisa, na matokeo yake ni kwamba hakuna tena anayejua nani yuko wapi. Tuta la udongo huinuliwa kwa udongo, kwa mkono, baada ya kuondoa magugu. Mizizi midogo ikatwe usawa wa ardhi, isin'golewe, maana inapong'olewa huinua kila kitu. Mti mkubwa wa kale uachwe. Kaburi la saruji la miaka ya 1930 au 1950, lenye maandishi yaliyochorwa kwa msumari wakati saruji ikiwa mbichi, lioshwe kwa maji na brashi laini tu. Brashi ya waya na asidi ya mafundi hufuta maandishi ambayo mvua ilikuwa bado haijayashinda.

Na maandishi hayo ni hazina ya mwalimu wa lugha. Tahajia sanifu ya Kiganda ilikubaliwa mwaka 1947. Kabla ya hapo waandishi wengi hawakuonyesha konsonanti nzito wala irabu ndefu, na hata Apolo Kaggwa aliandikwa Kagwa. Kwa hiyo kaburi lisilo na tarehe lakini lenye tahajia ya zamani huenda ni la kabla ya miaka ya 1950, ingawa msumari wa fundi mzee ungeweza kuendelea na tahajia ya shule yake kwa muda mrefu baadaye. Nakili herufi kwa herufi, pamoja na makosa. Mwanafunzi anaye "sahihisha" jina kaburini anapoteza ushahidi. Inafaa kukumbuka kwamba katika Kiarabu neno shahidi hutumika pia kwa jiwe linalosimamishwa kichwani mwa kaburi.

Ushahidi huu unaweza pia kughushiwa, na hilo nalo lazima tuliseme. Katika migogoro ya ardhi hapa kwetu, watu wamewahi kuinua matuta usiku na kudai asubuhi kwamba babu zao wamelala hapo. Ndiyo maana tunasisitiza simulizi pamoja na tuta: jina, kisa, mmea, na zaidi ya msimulizi mmoja, kila mmoja akihojiwa peke yake. Anayedai kaburi lakini hawezi kulanya hadi kwa aliyelala hapo, tumwandike, ila tuandike pia kwamba hakuweza. Kwa upande wa pili, Sheria ya Adhabu ya Uganda inakataza kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za wenye wafu wao, na kufukua mabaki si kazi ya familia peke yake bila kibali. Mnunuzi anayelima juu ya makaburi akitumaini kwamba hayatajulikana anapaswa kulijua hilo.

Majirani zetu wana visa vyao. Nchini Kenya, wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wa Umira Kager walishindana mahakamani kwa takriban miezi 5 kuhusu mahali atakapozikwa. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Wengi walikiona kuwa kisa cha mila dhidi ya sheria, au cha mwanamke dhidi ya ukoo, na kweli kilikuwa hivyo, lakini mtu aliyekulia penye kiggya alielewa upesi pia kwa nini udongo wenyewe ulibishaniwa. Wahaya wa Kagera nao huzika katika kibanja, kati ya migomba, nao hulitumia neno lile lile kibanja. Mwanafunzi anayefanya utafiti mpakani Mutukula anaweza kufuatilia msamiati wa mazishi pande zote mbili bila kubadilisha dhana.

Msamiati huo ndio tunaouomba kwenu. Kiganda tunacho: entaana, amalaalo, ekiggya, amasiro, na kitenzi okuziika, ambacho ni kuzika bila haja ya maelezo, pamoja na omuzimu, ambaye ni mzimu. Kiswahili cha pwani kina kaburi na ziara kutoka Kiarabu, na kina mava, maziara, mwanandani na kiunza, maneno ambayo wanafunzi wetu wengi hawajapata kuyasikia. Tungependa kupata yale ya Kisoga, Kinyoro, Kinyankole, Kigisu na Kiacholi: jina la mahali, jina la tuta, jina la mmea unaopandwa, na jina la mtu anayekabidhiwa kulitunza. Yaandikwe jinsi yanavyosemwa, pamoja na kijiji yaliposikika na umri wa msemaji.

Fomu ya ukurasa mmoja tuliyoitumia Bulemeezi ipo ofisini kwa idara, na kila darasa linaweza kuinakili. Ina nafasi ya mchoro wa kiggya, majina kwa mpangilio wa makaburi, mimea, maandishi kama yalivyo, na namba za mahali zinazotolewa na simu. Nakala moja ibaki kwa familia, ya pili kwa mwenyekiti wa kijiji, na ya tatu ikubaliwe na familia kabla haijaletwa kwetu. Wapo wasiotaka jirani ajue biggya vyao vilipo, nao wana haki. Likizo ndefu ijayo inaangukia mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zikiwa fupi.